Somo la Leo: Wasomaji wa Buganda

Wanafunzi wa Songwa na kwingineko! Tusome pamoja.

Mwaka 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda, wakavuka Ziwa Viktoria, wakaja kukaa Bukumbi, karibu na Mwanza, kaskazini ya kwenu. Waliwaacha Wakristo wachache, wengi wao vijana. Je, imani yao ilikufa? La. Walifundishana wenyewe kwa wenyewe. Mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta wameongezeka.

Kisha Kabaka Mwanga akaanza kuwaua. Usiku mmoja wa Mei 1886 Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake, akiwamo Kizito, mvulana wa miaka kama 14. Asubuhi Kabaka aliamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Wakajitenga. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, pamoja na Waanglikana.

Nguvu yao haikuwa mikuki. Ilikuwa neno walilojifunza likakaa moyoni, hata mwalimu alipokuwa mbali. Nanyi fahamuni: Waganda waliwaita Wakristo hao “wasomaji”, kwa sababu kujifunza dini kulikwenda pamoja na kujifunza kusoma.

Sasa jibuni: Mapadre walipokuwa Bukumbi, nani alifundisha Buganda? Nawe, umemfundisha nani herufi ulizokwisha kuzijua?

Kwaherini.