Muwasho wa Ngozi kwa Mbwa na Madhara ya Oili Chafu

(Mada kwa semina ya maofisa mifugo wa kata)

1. Utangulizi

Mbwa ajikunaye, ajilambaye na kujitafuna siku baada ya siku, aghalabu ana viroboto, kupe, utitiri wa upele, maambukizi ya bakteria au fangasi, ama mzio wa chakula, wa vumbi au wa mate ya kiroboto. Viroboto humsumbua zaidi kiunoni na penye shina la mkia, ilhali upele huanzia kingo za masikio, viwiko na visigino.

2. Suala la oili chafu

Jambo lililo hasa moyoni mwangu ni desturi ya kumpaka mbwa mwenye upele oili chafu iliyomwagwa gereji. Ina nguvu kwa sababu tatu tusizopaswa kuzidharau: oili hupatikana bure, daktari yu mbali, na siku za mwanzo mbwa huonekana kupata nafuu. Mafuta hulainisha magamba na kuwaziba pumzi baadhi ya wadudu walio juu; lakini utitiri jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo, na toka yai hadi mdudu mzima ni takriban majuma mawili au matatu, hata kizazi kipya kikatokeza wakati mwenye mbwa amekwisha kushukuru.

Fauka ya hayo, oili iliyotumika hubeba masalio ya madini yaliyosagika injinini na kemikali zilizozaliwa na moto wake; huichoma ngozi iliyokwisha kuchubuka, na mbwa, ambaye maumbile yake ni kujilamba, huimeza, nayo yaweza kumdhuru ini na figo.

Tumeyasema haya katika mikutano ya vijiji, tumeyabandika kutani mwa ofisi, na hadi leo tunaletewa mbwa weusi kwa oili, taabani, ngozi zimepasuka. Sikusudii kuilaumu idara yoyote, maana fungu la fedha lina mipaka yake. Walakini ni haki kusema kwamba mwananchi aambiwaye aache, asionyeshwe la kufanya, atarudi gereji. Ilhali dawa haiko mbali: amitraz ya asilimia 12.5, iuzwayo madukani kwa kuogeshea ng'ombe, huzimuliwa mililita 2 kwa lita 1 ya maji na kumfaa mbwa mzima mwenye afya, chini ya usimamizi wa mtaalamu. Hatari iko kwa akisiaye kwa kifuniko cha chupa, kwani ikizidi humlegeza mbwa na yaweza kumuua.

3. Mapendekezo

(a) Elimu juu ya oili chafu ianzie kwa mafundi wa gereji, maana kwao ndiko itokako.

(b) Ofisi za kata ziwe na dawa iliyokwisha kupimwa katika chupa ndogo, yenye maelezo ya Kiswahili.

(c) Watoto wa mbwa, majike wenye mimba na mbwa dhaifu wasiogeshwe kwa dawa hiyo. Wapelekwe kwa daktari.

(d) Maogesho yarudiwe kila majuma mawili kadiri daktari atakavyoagiza, hata kama muwasho umetulia.

(e) Mbwa wote wa nyumba moja watibiwe siku moja.

(f) Malazi yafuliwe na kuanikwa, na sakafu ifagiliwe, kwani mayai na mabuu ya viroboto hukaa huko kwa wingi kuliko walivyo viroboto wazima mwilini.

(g) Watu wa nyumbani wajikunao waelekezwe zahanati, maana upele wa mbwa huwapata na watu.

(h) Sindano ya kutuliza muwasho isitangulie uchunguzi. Ngozi ikwanguliwe na kutazamwa kwa darubini, na kutoonekana kwa utitiri kusichukuliwe kuwa ithibati kwamba haupo.

(i) Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ifafanuliwe kwa wananchi kabla ya kuwaadhibu.

(j) Na kwa kusisitiza yaliyotangulia: oili chafu ikomeshwe kabisa, na siku ile ile ya kuikataza, dawa iliyopimwa iwe imekwisha kufika katani.