Njia Fupi Kati ya Chuo na Banda la Kusaga
Hotuba kwa wajasiriamali wa kata



Mkoa wetu wa Arusha umejaliwa wataalamu. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu mwaka 1978, na humo hufundishwa uhandisi wa mitambo, umeme na ujenzi. Hata hivyo, mashine ya kusaga ikiharibika mtaani, mwenyewe hubahatisha. Kutoka karakana ya chuo hadi banda la kusaga si mbali, ila njia haijafyekwa.

Tuchukue mfano. Mota huzunguka mara 1,440 kwa dakika. Puli yake ina kipenyo cha sentimita 20, na puli ya kinu sentimita 10. Hivyo kinu huzunguka mara 2,880. Siku puli ya kinu inapovunjika, mwenye mashine hununua yoyote aliyoiona kwenye vyuma chakavu, tuseme ya sentimita 16. Kinu hushuka hadi mizunguko 1,800. Unga hutoka taratibu, foleni hurefuka, umeme wa luku huisha mapema, na lawama huangushiwa mahindi. Mwanafunzi mwenye futi na kalamu angeligundua kosa hilo kabla foleni haijasogea.

Wanafunzi hao huhitaji mahali pa mafunzo kwa vitendo. Wengi hukimbilia viwanda vikubwa, na baadhi hurudi wakiwa wamebeba mafaili tu. Nasi tuna kosa letu: kijana akija, twamkabidhi ufagio, kwa kuwa hatukumwandalia swali.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwenye karakana aandike tatizo lake kwa vipimo: mashine gani, inatoa kilo ngapi kwa saa, inakwama wapi. Ofisi ya Kata iyakusanye na kuyapeleka chuoni kabla ya likizo ya mafunzo. Pili, mwanafunzi afanye kazi chini ya fundi wa mtaani. Fundi asihofu kudharauliwa. Sikio linalotambua beringi iliyochoka ni elimu ambayo kijana hataipata kitabuni. Tatu, makubaliano yaandikwe mapema: nani ananunua vifaa, na kifaa kikibuniwa kitakuwa mali ya nani.

Jambo hili lina uzito. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachonunua mashine kwa mkopo huo hulazimika kurejesha, mashine ikisaga au isisage. Marejesho hayangoji puli.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi tuulize, na tuulize kwa vipimo.