Chapati Ikikukataa, Kisha Maziwa Nayo

Umoja, Kayole, Buruburu: katika mitaa hii ya Nairobi, alfajiri kuna harufu ya mandazi na chapati kila kona. Kwa mwenye ugonjwa wa seliaki, vyakula hivyo ni hatari. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe.

Daktari wa watoto Mholanzi, Willem Dicke, aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha njaa ya 1944 na 1945 ikaadimisha mkate Uholanzi: watoto wenye seliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena.

Wengi huacha ngano, kisha hushangaa kwamba chai ya maziwa bado inawavuruga tumbo. Sababu ipo. Vinyweleo vya utumbo ndivyo hutoa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na ugonjwa umeviharibu. Vikipona, na hilo huchukua miezi, hata miaka, maziwa mara nyingi hukubalika tena. Basi kinachosumbua kiondolewe kwa muda, kiandikwe daftarini, kijaribiwe baadaye. Kuacha maziwa, mayai na maharagwe kwa mpigo ni kujitafutia utapiamlo.

Githeri, viazi, ndengu na sukuma wiki havina gluteni. Ugali pia, ila kuna mtego kwenye kisiagi: kinu kilichotoka kusaga ngano huchafua mahindi ya anayefuata. Na ule unga wa uji wa kuchanganya? Muuzaji aulizwe ametia nini.

Msikilizaji, usiache ngano kabla ya kupimwa damu. Ukitangulia kuiacha, kipimo kinaweza kukosa ugonjwa ulio nao.