Viti Maalumu: Diwani Mwanamke Anamwakilisha Nani?



Tumeombwa tuzungumzie viti vya wanawake katika mabaraza ya madiwani, suala ambalo wengi wetu hulifanyia mzaha barazani baada ya swala. Sisi hatulioni kuwa la mzaha. Uongozi ni amana, na aliyepewa amana sharti ajulikane kapewa na nani.

Hapa Tanzania sheria inataka madiwani wanawake wa viti maalumu wasipungue theluthi ya madiwani wa kata na wabunge waliomo katika halmashauri. Pasingekuwa na sheria hiyo, mabaraza mengi yangejaa wanaume watupu. Lakini tuitazame njia anayopita diwani huyu. Jina lake hutoka katika orodha ya chama. Mwananchi hampigii kura yeye. Kata ya kwake hana, na Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani wa kata. Mama ambaye kisima chake kimekauka akimwendea, naye atamwendea nani? Na akikikosoa chama, je, orodha ya uchaguzi ujao si i mikononi mwa hao hao?

Tutazame India. Marekebisho ya 73 ya Katiba yao, yaliyoanza kutumika mwaka 1993, yalitenga kwa wanawake theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji na theluthi ya nafasi za wenyeviti. Huko mgombea huwakabili wapiga kura mwenyewe. Utafiti wa Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa katika wilaya za Birbhum na Udaipur, mabaraza yaliyoongozwa na wanawake yalijenga miradi mingi zaidi ya maji ya kunywa, na maji ndiyo yaliyokuwa kilio kikubwa cha wanawake wa huko. Hilo halibezeki, ndugu zetu. Ndoo haibebwi na mwenyekiti.

Watasema baadhi: kule waume ndio huongoza nyuma ya pazia. Naam, wapo, na tusijidanganye kuwa kwetu hawapo. Hata hivyo, huko West Bengal, nafasi ya uenyekiti ilipokwisha kutengwa mihula miwili, wanawake walizidi kugombea na kushinda hata viti visivyotengwa.

Basi vyama vikija kutuomba kura za udiwani, tuviulize: ni wanawake wangapi mmewasimamisha katika kata zenyewe, na orodha ya viti maalumu mliipanga mbele ya nani?