Mvuke Huunguza Kuliko Maji

Somo la leo ni juu ya maji na hali zake tatu: barafu, maji na mvuke. Kitu ni kile kile. Kinachokigeuza ni joto.

Telekeni sufuria ya maji. Huku pwani yatapata moto hadi digrii 100 za Sentigredi, kisha yatachemka. Hata mkichochea kuni vipi, hayapiti hapo. Je, moto wote ule unakwenda wapi? Unayageuza maji kuwa mvuke. Kazi hiyo hula joto zaidi ya mara 5 ya lile lililoyapandisha maji kutoka digrii 0 hadi 100.

Joto hilo halipotei. Mvuke ukigusa mkono hurudi kuwa maji, na joto hilo huingia ngozini. Ndiyo sababu mvuke huunguza kuliko maji yanayochemka.

Basi, mnapofunua sufuria, inueni kwanza upande wa mbali nanyi, na watoto wasikaribie. Mtu akiungua, mmwagieni mara moja maji ya baridi, yasiyo na barafu, kwa dakika 20. Msimpake mafuta.