Leseni ya Kikundi Sio Kibali cha Chombo

 

Tulipofika tuliona mkebe wa maziwa ya unga juu ya mlingoti, tukaambiwa ndio unaopeleka intaneti hadi zahanati. Hatukuja kuwavunja moyo, kazi ni nzuri. Lakini pesa zilizonunua vifaa ni akiba ya kikundi, ndiyo maana tunasema mapema.

Wengi hufikiri wakipata leseni yamekwisha. Hapana. Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina leseni maalumu ya mitandao ya jamii. Hiyo ni ya kikundi. Chombo kinachorusha mawimbi kina kibali chake, kinachotolewa baada ya kupimwa maabara: kina nguvu kiasi gani, na je, kinamwaga mawimbi nje ya njia yake?

Sasa mkebe. Peke yake ni bati tu. Ukiungwa na kisanduku unakusanya mawimbi upande mmoja, na upande ule nguvu huweza kufika hata mara kumi. Kisanduku kilipimwa na antena yake, sio na mkebe wenu. Vilevile fundi akikidanganya kwamba kiko nchi nyingine ili kiongeze nguvu, kile cheti hakisemi tena habari za chombo mlicho nacho. (Na mafundi hao wana maneno matamu!)

Mtauliza, tunamdhuru nani huku mashambani? Baadhi ya njia za gigahazi 5 hutumiwa pia na rada za hali ya hewa. Chombo halali husikiliza kwanza, kikiisikia rada kinahama. Kilichodanganywa huweza kubaki palepale. Mwaka 2009, huko San Juan, Puerto Rico, vyombo vya intaneti viliisumbua rada inayotahadharisha ndege juu ya upepo mbaya.

Basi mlingoti jengeni wenyewe, na kasha la betri pia. Redio na antena nunueni zenye kibali. Kabla ya kulipa, muuzaji awaonyeshe cheti chenye namba ya modeli ileile iliyo mgongoni mwa kisanduku. Sisi tulinunua vinne bila kuuliza, vimelala stoo mpaka leo.

Ule mkebe tunaomba ushushwe mara antena ya zahanati ikipatikana, na isichelewe. Katibu, andika barua kwa Mamlaka, tutaisoma pamoja mkutano ujao.