KUMSHITAKI MTU SI KUMTUKANA



Wengi wetu tukisikia kwamba fulani ameshitaki, twasema: huyo ana chuki, hana heshima kwa wakubwa. Sivyo. Kumshitaki mtu ni kumwita mbele ya mwamuzi asiye upande wako wala upande wake, ili ajibu. Na aliyeitwa bado hajawa mkosaji. Naye ana haki ya kusema.

Tumkumbuke Ngongo Lutete. Mwaka 1892 alijiunga na jeshi la Leopold II, na mwezi wa Aprili 1893 jeshi hilo likateka Kasongo. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, huko Ngandu, maofisa wakamshitaki kwamba ni msaliti. Maofisa wakashitaki, maofisa wakahukumu, wakampiga risasi. Hiyo si kesi. Mwaka 1895 askari waliokuwa watu wake wakaasi huko Luluabourg, na damu ikamwagika. Neno lisilosikilizwa barazani hurudi na bunduki.

Mtauliza: mnyonge aweza kumshitaki mwenye nguvu? Sikieni habari ya wanawake watano waliozaliwa Kongo, mama zao Waafrika na baba zao wazungu. Wakiwa watoto wadogo, serikali ya ukoloni iliwanyang'anya kwa mama zao. Mwaka 2020 waliishitaki dola ya Ubelgiji huko Brussels. Mwaka 2021 wakashindwa. Hawakurudi nyumbani kunung'unika, walikata rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024 waamuzi walisema kwamba tendo lile lilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja wao alipwe euro 50,000. Mabibi wazee wameilazimisha dola nzima kujibu.

Basi, mfanyakazi asiyelipwa afanye nini? Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 yasema tribinali haipokei kesi ya kazi isipopita kwanza kwa Inspekta wa Kazi, ambaye hujaribu kuwapatanisha. Yasema tena kwamba dai la mshahara lina mwaka mmoja tu, kuanzia siku ulipopaswa kulipwa. Anayengoja miaka miwili kwa aibu au kwa woga, mlango ataukuta umefungwa.

Kwa hiyo tunzeni mkataba, tunzeni karatasi za malipo, andikeni tarehe, kumbukeni majina ya mashahidi. Mwamuzi hakuwapo shimoni. Atajua yale tu atakayoonyeshwa. Nasi makarani, tunaoshika vitabu vya mishahara, tusimnyime mfanyakazi karatasi iliyo yake kwa kumwogopa mkubwa. Tukiificha, tumekwisha kuhukumu kesi kabla ya mwamuzi kukaa kitini.

Ndugu, asiyeshitaki hubaki na mambo mawili: kunyamaza au kupigana. Sisi tumechagua la tatu. Twende barazani, tuseme, tujibiwe.